Hamamu ya Kimoroko nyumbani: jinsi ya kuoga mpaka nongo zitoke zenyewe

Wamoroko wana kipimo kimoja cha kuogea kisichohitaji saa wala kipimajoto. Unakaa kwenye mvuke, unapaka sabuni, unasubiri, unajimwagia maji, kisha unabonyeza kidole gumba upande wa ndani wa mkono, karibu na kifundo, na kukiburuta kidogo. Nongo zikijikunja chini ya kidole kama tambi nyembamba, ngozi iko tayari kusuguliwa. Kidole kikiteleza tu, bado. Rudi ukae.

Nilifundishwa hivyo Fes, mji wa Moroko, nilipokuwa mwanafunzi, na mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi katika hamamu, yaani nyumba ya kuogea kwa mvuke, ya mtaa wetu. Mwanamke mwenye kazi hiyo huitwa tayaba, na mwanamume huitwa kesal. Sisi wasichana tulimwita khalti, yaani mama mdogo, naye alituita binti zake. Siku yangu ya kwanza nilishika glovu ya kusugulia na kuanza kujisugua dakika tano tu baada ya kuingia. Aliniondolea ile glovu mkononi, akaiweka juu ya ndoo yake, akaniashiria nikae chini. Nikakaa, jasho likinitiririka. Baadaye akaja, akanishika mkono, akapitisha kidole gumba, akatikisa kichwa na kwenda zake. Aliporudi mara ya pili ndipo akavaa glovu.

Tangu hapo nimeona watu wengi wakinunua sabuni nyeusi ya Kimoroko, glovu na udongo wa kuogea kwa bei ya kuumiza, wakaenda navyo bafuni, wakasuguana dakika kumi chini ya bomba na kutoka na ngozi nyekundu inayowasha. Kisha husema hamamu haiwafai. Hawakukosea vitu, walikosa kusubiri. Ukisubiri ipasavyo, hata vitu vya badala vinatosha, na nitavitaja.

Hamamu yenyewe ilivyo

Mtaa wa kale wa mji wa Moroko ulikuwa na vitu vyake vya lazima: msikiti, chuo cha Kurani, bomba la maji la watu wote, tanuri la mikate na hamamu. Watu wengi nyumbani hawakuwa na bafu la maji moto, kwa hiyo mara moja kwa wiki familia ilibeba ndoo zake ikaenda. Wanawake na wanaume hawachanganyiki: ama kila upande una mlango wake, ama wanapeana zamu za saa. Pale Fes bado ipo hamamu ya Saffarin, iliyojengwa zama za wafalme wa Wamarini, katika karne ya 14. Asili ya mpango wake ni ya zamani zaidi, kwani Warumi waliacha nyumba za kuogea za namna hiyo Volubilis, mji wao uliobaki magofu karibu na Meknès.

Ndani kuna vyumba vitatu, na majina yake msomaji wa Kiswahili hayatamsumbua: barrani, cha nje, ambacho ni cha baridi, wastani, cha katikati, chenye uvuguvugu, na dakhli, cha ndani, chenye joto kali. Hicho cha ndani hufika nyuzi 40 hadi 50 hivi, na hewa yake imejaa unyevu mpaka kuta zinatoa machozi. Moto unawashwa nyuma ya ukuta, kwa kuni, maranda ya mbao au kokwa za zeituni, na joto hupita chini ya sakafu. Marrakech moto huo hautumiki bure: watu hupeleka chungu cha nyama kiitwacho tanjia, kikafukiwa kwenye majivu ya moto wa hamamu na kuiva polepole saa nyingi.

Mpangilio huo wa vyumba ndio siri ya kwanza. Mwili unazoea kidogo kidogo wakati wa kuingia, na unapoa kidogo kidogo wakati wa kutoka. Nyumbani utakuwa na chumba kimoja tu, kwa hiyo vyumba vitatu utavigeuza kuwa nyakati tatu.

Kwetu pwani jambo hili si geni kabisa. Unguja kuna mtaa wa Hamamni, uliopata jina kwa hamamu ya watu wote aliyoijenga Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Na bibi harusi anayesingwa kwa singo na liwa siku kadhaa kabla ya arusi yake angemwelewa vizuri bibi harusi wa Fes, ambaye naye hupelekwa hamamu na mashoga zake kwa vigelegele. Hata kata yetu ya kutekea maji ina shahidi kutoka Moroko. Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona watu wakiteka maji mlangoni mwa msikiti kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti cha urefu wa dhiraa moja, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Kama una kata ya kifuu nyumbani, itoe. Leo utaihitaji.

Vitu vya kutafuta, na badala yake

Sabuni beldi, ndiyo ile nyeusi niliyoitaja. Neno beldi kwa Wamoroko ni kitu cha kienyeji, cha nyumbani, kinyume cha rumi, cha kigeni au cha kiwandani. Ni sabuni ya zeituni, laini kama samli iliyoganda, rangi yake kahawia iliyoiva au kijani kibichi karibu na weusi. Sabuni yetu ya mche hupikwa kwa kostiki soda, ndiyo sababu huwa ngumu. Beldi hupikwa kwa potasi, na potasi haiigandishi sabuni. Haitoi povu jingi, na usiitarajie itoe. Kazi yake ni kulainisha tabaka la juu la ngozi iliyokufa. Usiichanganye na sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi inayopikwa kwa majivu. Ile ni nzuri kwa kazi yake, lakini ukijipaka ukakaa nayo dakika kumi inaweza kukukausha.

Ukiikosa beldi, chukua kipande cha sabuni ya zeituni isiyo na manukato makali, kama gramu 100, ukikwangue kwa kile chombo cha kukwangulia karoti. Mimina juu yake kikombe kimoja cha maji ya moto, funika usiku kucha, asubuhi koroga na vijiko viwili vya mafuta ya zeituni mpaka iwe uji mzito. Haitakuwa beldi, ila itakaa kwenye ngozi na kuilainisha, na hilo ndilo tunalolitaka.

Glovu. Kwa Kiarabu cha Moroko huitwa kis, yaani mfuko, na kweli ni kimfuko cha kitambaa kikavu chenye vinyuzi vilivyosokotwa. Ukiipitisha shavuni inakwaruza kama ulimi wa paka. Watu wengi hukimbilia dodoki, lakini dodoki lina mashimo makubwa na nyuzi ngumu; linakwaruza bila kukusanya. Badala nzuri zaidi ni taulo kuukuu jembamba lililofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo na kuanikwa juani mpaka likakamae. Likate kipande cha kutosha kiganja, kunja, shona pande mbili.

Udongo. Huu ni ghasuli, na jina lake limetoka shina lilelile la Kiarabu tulilochukua neno ghusli, maana yake kuosha. Unachimbwa katika bonde la Moulouya, upande wa mashariki wa milima ya Atlas ya Kati, na umejaa madini ya magnesiamu. Huuzwa kwa vipande vya kahawia kama magamba ya mti au ukiwa unga. Loweka vijiko vinne vya unga au konzi moja ya vipande kwa maji ya vuguvugu, uache bila kukoroga kama dakika kumi unywe maji wenyewe, kisha uponde mpaka uwe laini kama mtindi. Familia za Fes hutia ndani yake maji yaliyochemshwa na karafuu, mawaridi makavu au maua ya mrujuani. Karafuu tunazo. Chemsha sita au saba tu, usizidishe, maana mafuta ya karafuu huwasha ngozi. Huna ghasuli? Udongo mweupe wa kaolini unaouzwa kwa ajili ya uso unafaa mwilini. Nywele mimi nisingezipaka, kwani unazikausha.

Mafuta. Wao hutumia argani, itokayo kwenye mti unaoota kusini-magharibi mwa Moroko, kati ya Essaouira na Agadir. Wanawake huvunja kokwa zake kwa mawe, moja moja, na ujuzi huo uliingizwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa, mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Chupa ndogo ni ghali, na haki yake ni ghali. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto, au ya ufuta, hayataharibu hamamu yako hata kidogo.

Vingine ni vya kawaida: ndoo mbili kubwa, beseni, kata au kopo, kigoda cha plastiki kisichoteleza, kanga mbili, taulo, chupa ya maji ya kunywa.

Asiyefaa kuingia

Hapa sitasema kwa mzunguko. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilotulia, mwenye homa, mwenye kidonda kibichi, aliyeungua na jua, mwenye pumu inayochochewa na mvuke, wote wamuulize daktari kwanza au waache. Mama mjamzito asikae kwenye joto kali, na zaidi miezi mitatu ya mwanzo. Aoge maji ya vuguvugu, apakwe ghasuli, inatosha. Mtoto mdogo asifungiwe kwenye mvuke. Kama unapaka dawa za kung'arisha ngozi au za chunusi zenye asidi, acha wiki moja kabla ya kusugua, la sivyo glovu itakutoa damu.

Usinyoe siku hiyo. Nyoa siku mbili kabla. Usile ukashiba, kunywa maji glasi mbili na uingie na tumbo jepesi. Vua dhahabu na fedha zote.

Kukitengeneza chumba

Bafu dogo ni bora kuliko kubwa. Mabafu yetu mengi yana matundu ya hewa juu ya mlango au vioo vya kuchezesha dirishani, na mvuke wote hupotelea huko. Ziba matundu kwa kanga iliyoloweshwa, funga vioo, weka taulo bichi chini ya mlango. Usitie komeo. Mtu akizimia ndani ya bafu lililofungwa, dakika za kuvunja mlango ni nyingi mno, kwa hiyo mweleze mtu nyumbani kwamba uko ndani, naye akuite kila baada ya muda.

Mvuke hutoka kwenye masufuria. Chemsha maji jikoni, lita 20 zinatosha mtu mmoja, ukitumia sufuria kubwa mbili zenye vifuniko. Unaweza kutia majani ya mkalitusi katika mojawapo. Ziingize bafuni zikiwa zimefunikwa, zikae kwenye kona mbali na mlango na mbali na miguu yako, kisha funua ya kwanza. Mwagia sakafu na kuta maji ya moto kiasi ili zisiibe joto. Baada ya dakika tano chumba kimejaa ukungu. Sufuria ya pili ifunue ya kwanza inapopoa.

Wenye bomba la maji moto hulifungua likatiririka mpaka chumba kijae. Linafanya kazi, lakini bomba la kawaida hutoa lita nane au zaidi kwa dakika, na dakika kumi ni lita 80 au zaidi zimekwenda shimoni. Mwanzoni mwa 2024 miji kadhaa ya Moroko, Casablanca mmojawapo, iliamuru hamamu zifungwe Jumatatu hadi Jumatano kwa sababu ya ukame. Watu walionizoeza kuoga kwa ndoo wanajua thamani ya ndoo.

Na jambo moja nalisema kwa uzito wote nilio nao: usiingize jiko la mkaa bafuni. Mimi niliwahi kuliingiza, mwaka wa kwanza niliporudi Tanga, nikitaka joto lisipungue. Nilifunga kila tundu kama nilivyokueleza hapo juu. Nilihisi kichwa kizito, nikadhani ni joto. Nikataka kusimama, magoti yakakataa. Dada yangu aliniita mara mbili, nikajibu kwa sauti iliyomtia shaka, akaingia akaniburuta ukumbini. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua. Jiko la gesi nalo libaki jikoni. Birika la umeme lisiingie pia.

Kuoga

Wakati wa kwanza ni barrani. Ingia ukiwa umejifunga kanga au umevaa nguo ya ndani, kama wafanyavyo kule. Kaa kwenye kigoda, jimwagie maji ya vuguvugu kuanzia miguuni, kupanda magotini, mapajani, mabegani. Kichwa kiwe cha mwisho. Unapochanganya maji kwenye beseni, ya baridi yatangulie, ya moto yafuate. Ukifanya hivyo kila mara hutaungua siku yoyote. Kule Moroko wazee husema bismillahi kabla ya kumwaga maji ya moto sakafuni, nami nimebaki na desturi hiyo.

Wakati wa pili ni dakhli. Kaa. Dakika kumi na tano kwa uchache, na bafu la nyumbani halifiki joto la dakhli, kwa hiyo ishirini ni bora. Jimwagie kata moja ya maji ya moto kiasi kila mara ngozi inapoanza kupoa. Usijisugue, usijikune. Jasho litaanza juu ya mdomo, kisha kifuani. Kunywa maji funda moja moja. Ukiona kizunguzungu, fungua mlango, toka, keti. Hakuna fahari ya kuvumilia.

Sasa sabuni. Chota kiasi cha kokwa moja ya jozi, ipake mwilini kwa viganja kuanzia shingoni kwenda chini, tabaka jembamba linaloteleza. Uso usiupake kama ngozi yake ni nyepesi. Subiri tena, dakika tano hadi kumi. Hapa ndipo watu hupoteza subira, maana hakuna kinachoonekana kutendeka, lakini ngozi iliyokufa inavimba na kuachia.

Jimwagie maji, sabuni yote itoke. Hili nalo hukosewa sana: watu husugua sabuni ikiwa bado mwilini, glovu inateleza juu ya utelezi, hakuna kinachotoka, wanaongeza nguvu, wanajichubua. Ngozi iwe safi ya sabuni na yenye unyevu. Glovu ilowe, kisha ikamuliwe. Pima kwa kidole gumba.

Nongo zikijikunja, anza na mkono. Nyoosha mkono juu ya goti, weka glovu begani, vuta mpaka kwenye kifundo kwa mfuto mmoja mrefu. Inua, rudi begani, vuta tena. Usiende mbele na nyuma kama anayesugua sufuria. Nguvu zako ziwe zile za kufuta vumbi mezani. Mfuto wa tatu au wa nne utaziona: vijinyuzi vya kijivu, vinene kidogo katikati na vyembamba nchani, vinalala juu ya ngozi kama makombo ya kifutio shuleni. Mara ya kwanza ni nyingi kiasi cha kukutia haya. Usione haya. Mtu aogaye mara mbili kwa siku anazo vilevile, kwa sababu si uchafu wa jana. Ni ngozi iliyomaliza kazi yake. Khalti alikuwa akinigeuzia mkono wangu nizione vizuri, kisha akacheka kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri, akazimwagia maji zikaenda.

Fuata mkono wa pili, kifua polepole, tumbo kwa mduara, mapaja, miguu kwenda chini. Magoti na viwiko havihitaji nguvu zaidi, vinahitaji mifuto zaidi. Matiti, kwapa na kinena viache. Shingo kwa wepesi. Suuza glovu kila baada ya kiungo kimoja. Ngozi ikianza kuchoma, acha mahali hapo.

Mgongo ni wa mtu mwingine. Hamamu ya Moroko mwanamke usiyemjua atakuomba umsugue mgongo, kisha atakusugua wako, na mtaanza kuulizana habari za wazazi. Nyumbani muite dada, mama, mume, shoga, yeyote unayemwamini na mgongo wako. Kama uko peke yako, kata taulo lile likawa refu, lishike pande mbili, livute mgongoni kama mwiko unavyovutwa ndani ya ugali, kwa utulivu.

Jimwagie maji yasiyo ya moto. Kisha ghasuli: paka mwilini, na kichwani kuanzia kwenye shina la nywele, ukipitisha vidole. Hutoa mafuta na vumbi bila povu. Dakika tano zinatosha. Usiache ukauke ukapasuka, maana ukikauka unanyonya unyevu wa ngozi ambayo umeifunua sasa hivi. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Nywele zenye mikunjo mingi zichane kwa vidole ghasuli ikiwa bado ndani.

Wakati wa tatu ni kushusha joto: kata ya vuguvugu, kata ya ubaridi kidogo, na ya mwisho baridi miguuni tu. Hapo umepita wastani na umerudi barrani.

Baada ya kutoka

Usijifute kwa kusugua. Jifunge kanga kavu, iinywe maji yenyewe. Ngozi ikiwa na unyevu bado, paka matone machache ya mafuta, kijiko kimoja cha chai kwa mwili mzima. Manukato, marashi na krimu zenye spiriti viache mpaka kesho yake, na jua la mchana uliepuke siku hiyo.

Kaa ukumbini nusu saa. Wao hula machungwa yaliyomenywa na kunywa chai ya kijani yenye nanaa na sukari nyingi. Atakayekuona umetoka hamamu atakwambia "bsaha", ikufae kwa afya, nawe utamjibu "Allah ya'tik saha", Mungu akupe afya nawe.

Glovu ioshe kwa sabuni, ikamue, itundike mahali penye hewa na si ndani ya bafu, la sivyo itaota ukungu. Kila mtu awe na yake, na ikianza kulainika itupe. Kusugua kwa glovu iwe mara moja kwa wiki kwa ngozi ngumu, mara moja kwa wiki mbili kwa ngozi nyepesi. Siku za katikati sabuni na maji vinatosha, na dada yangu, ambaye sasa hataki kuikosa Alhamisi yetu ya hamamu, hunikumbusha yeye kuweka sufuria jikoni.